Ule Ugonjwa

Daktari alitaka waingie wote wawili. Mrisho ndiye aliyeomba mkewe, Mwanamkuu, abaki nje.

"Presha yake inapanda haraka," alimwambia nesi mlangoni. "Niambieni mimi kwanza. Mimi ndiye mumewe."

Nesi huyo, Hyasinta, alimtazama mama aliyekaa kwenye benchi na pochi yake mapajani, kisha akamtazama tena Mrisho. "Mgonjwa ni yeye, baba. Majibu ni yake." Lakini foleni ilikuwa imefika mpaka kwenye ngazi, na daktari alishaita kutoka ndani, "Mwache huyo baba aingie, tusogee." Mrisho akaingia, mlango ukafungwa, na Mwanamkuu akabaki akikitazama kitasa.

Ndani, daktari alizungumza kama dakika saba. Alisema kile kinyama walichokikata kwenye titi kimeonyesha saratani. Alisema ni hatua ya pili, haijasambaa, wamewahi. Wataanza na dawa za dripu, kisha upasuaji, na wanawake wengi wanaokuja katika hatua hii wanapona na kurudi kwenye shughuli zao. Yote hayo aliyasema taratibu, akichora kwa kalamu nyuma ya karatasi. Mrisho alisikia neno moja tu. Mama yake mzazi aliugua ugonjwa huo na kumfia mikononi, na tangu siku ile hakuwahi kulitamka jina la ugonjwa wenyewe. Likitajwa redioni, alizima redio. Baada ya kulisikia, aliiona midomo ya daktari ikiendelea kucheza, lakini hakushika tena kitu.

Alitoka na kadi ya miadi mfukoni, mkono wake juu ya kadi.

"Wamesemaje?" Mwanamkuu aliuliza.

"Uvimbe tu."

"Uvimbe wa nini?"

"Tezi. Tezi tu hizi za kawaida. Kuna dawa, watatupigia." Alikuwa ameshaanza kutembea. "Twende bwana, jua kali."

Nje kulikuwa na mawingu, na upepo wa mvua ulikuwa ukipeperusha makaratasi. Mwanamkuu aliliona hilo. Aliona pia kwamba mkono wa mumewe haukutoka mfukoni mpaka walipofika kituo cha mabasi ya mwendokasi. Hapo ndipo hofu ilipomwingia.

*

Walikaa Mtaa wa Sikukuu, vyumba viwili vya mbele katika nyumba ya zamani iliyobanwa na maghorofa pande zote mbili. Mrisho alikuwa na kibanda cha spea za magari Gerezani. Mwanamkuu alikaanga vitumbua alfajiri, akavitembeza na chupa mbili za chai kwa wenye maduka na wapagazi wa Kariakoo. Binti yao wa pekee, Najma, alikuwa na miaka ishirini na aliuza kava za simu kwenye duka la watu.

Alasiri ya siku ile ile Mrisho alijibanza kwenye kichochoro cha bafuni akampigia dada yake, Waridi, aliyekuwa akiishi Temeke.

"Mke wangu anaumwa," alisema. "Ana ule ugonjwa."

"Ugonjwa upi?"

"Ule, Waridi. Usinilazimishe nitaje."

"Yarabi. Kaupata wapi?"

Mrisho alidhani ni uchungu tu unamsemesha dada yake. "Nitajuaje? Mungu ndiye anayejua."

"Na wewe kaka yangu? We mzima?"

"Mimi nitakuwaje mzima, Waridi," alisema.

Waridi alikata simu akalia. Alipomaliza kulia alimtumia binamu yake ujumbe wa sauti: tumwombee dua wifi yetu wa Kariakoo, ana ule ugonjwa, na kaka yangu naye ndiyo hivyo tena, ila msimwambie mtu. Binamu alimtumia mtu mmoja tu, akimsisitiza naye asimwambie mtu.

Siku ya tatu Waridi alikuja kumwona mgonjwa. Alikuja na chupa yake ya maji kwenye mkoba, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango badala ya kukaa mkekani alikozoea.

"Wifi yangu," alisema, "kama kuna siku nilikukosea, nisamehe."

"Umenikosea nini?"

"Binadamu hatukosi kukoseana. Vizuri kusameheana mapema."

Mwanamkuu alimmiminia chai. Waridi akakitazama kikombe, akasema amefunga. Mwanamkuu akakiondoa kikombe. Lakini baadaye alipokwenda dirishani kuanua nguo alimwona wifi yake ng'ambo ya mtaa, amesimama mbele ya mashine ya miwa, anakunywa juisi kwa pupa. Kisha Waridi akarudi kumsubiri kaka yake kibarazani, na Mrisho alipofika, wawili hao wakawa wanaongea kwa sauti ndogo chini ya dirisha lile lile.

"Mwanamkuu alikuwa mtu wa watu," Waridi alisema.

"Alikuwa hana makuu kabisa," Mrisho akajibu, akavuta kamasi.

Ndani, Mwanamkuu alikuwa anakunja khanga. Mikono ikasimama. Walisema "alikuwa". Aliitazama mikono yake, akafungua vidole, akavifunga. "Nipo," alisema kwa sauti ya chini, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Tangu hapo akawa anayachunguza maneno yao. Najma, ambaye baba yake alimwambia tu mama anahitaji utulivu, akichukua ndoo ya nguo alisema, "Acha mama, we pumzika." Mrisho akiinuka kwenda kazini alisema, "Pumzika mama Najma." Jirani wa chumba cha uani, ambaye kwa miaka yote waligombania kamba ya kuanikia, alimwachia kamba nzima: "Anika tu dada, upumzike." Kila walipolitamka neno hilo Mwanamkuu alihisi kama wanamfunika shuka mpaka usoni. Chakula kikawa hakipiti. Moyo ulimwenda mbio akiwa amekaa tu, akimenya vitunguu. Uvimbe wenyewe haukumuuma hata kidogo.

"Baba Najma," alimuuliza asubuhi moja, "kuna kitu hukuniambia?"

"Kitu gani? Hamna kitu." Mrisho alikuwa anafunga viatu na hakuinua kichwa. "Ukiwaza waza ndiyo utajitafutia maradhi. Hamna kitu."

Asubuhi hiyo ilikuwa Jumatatu, siku iliyoandikwa kwenye kadi. Kadi yenyewe alikuwa ameificha kibandani, chini ya boksi la springi, kwa sababu juu yake jina la kliniki lilikuwa limepigwa chapa kwa herufi kubwa. Siku nzima aliuza huku akilitupia jicho boksi lile. Saa nne alijiambia atafunga kibanda amfuate mkewe. Saa sita alijiambia atamwambia jioni, wataenda kesho. Alirudi nyumbani akala, akauliza habari za vitumbua.

*

Habari za vitumbua zilijulikana Jumanne.

Mwanamkuu alifika kwa wapagazi wa kona kama kawaida, akaweka ndoo chini. Walikuwa wanane, na mara nyingi ndoo ilipungua nusu hapo hapo. "Karibuni jamani," alisema.

"Leo tumeshiba, mama."

"Wote?"

Mmoja akacheka kwa aibu, akajifanya anafunga kamba ya mkokoteni. Mwanamkuu akabeba ndoo, akaenda dukani kwa wauza mapazia. Msichana mmoja wa pale alishanyoosha mkono akachukua kitumbua, mwenzake akamkonyeza. Msichana akakirudisha ndooni, taratibu, akajifuta vidole kwenye sketi. "Nimekumbuka nimekunywa dawa," alisema. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Saa tatu ndoo ilikuwa bado imejaa. Alipofika duka la vyombo la Matilda alitaka kupita moja kwa moja, lakini Matilda alimwita. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa jumla kutoka Rombo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru, na kwa miaka kumi na tano alikuwa ananunua vitumbua vitano kila asubuhi bila kukosa.

"Pita ndani, Mama Najma. Kaa hapo."

Mwanamkuu akakaa juu ya katoni la sahani.

"Nina jambo na sijui kulizungusha," Matilda alisema. "Nikufiche au nikwambie?"

"Niambie."

"Huku nje wanasema una UKIMWI. Ndiyo maana hawanunui."

Mwanamkuu aliivuta ndoo karibu, akaukaza mfuniko.

"Sauti imetoka kwa wifi yako. Nimeisikia kwa masikio yangu, mtu kaniletea simu hapa. Hakutaja jina la ugonjwa, kasema tu ule ugonjwa, na mumeo naye ndiyo hivyo. Watu wamejazia wenyewe. Mimi sijui. Unao?"

"Sijui, dada Matilda. Hakuna anayeniambia kitu."

"Basi twende ukapime, ujue." Kisha Matilda akafunua ndoo. "Na hata kama unao, hauingii kwenye kitumbua. Nipe vyangu."

Alivichukua vitano, akaenda kusimama nje ya mlango wa duka lake, mahali ambapo wapagazi na wasichana wa mapazia wote walimwona, akala kimoja baada ya kingine mpaka mafuta yakamchirizika kidevuni.

*

Mwanamkuu alikataa kusindikizwa. Alivuka viwanja vya Mnazi Mmoja peke yake akielekea kituo cha afya, na njia nzima alikuwa akimtafuta mwanamke mwingine katika miaka ishirini na miwili ya ndoa yake. Mrisho aliposema amekwenda Morogoro kufuata mzigo, alikwenda kweli Morogoro? Ile simu aliyokwenda kupiga kichochoroni alimpigia nani? Alimchukia, akamhurumia, akaomba Mungu amsamehe kwa yote mawili.

Mpimaji alikuwa kijana mpole. Baada ya dakika ishirini alimgeuzia kipimo. "Hongera mama. Huna maambukizi."

Mwanamkuu hakuinuka.

"Mama, umenielewa? Uko salama."

"Mwanangu," alisema, "kuna ugonjwa gani mwingine ambao mtu hatajiwi?"

Kijana hakulielewa swali. Alimpa maji. Mwanamkuu akanywa, akatoka, akafika kwenye uzio wa viwanja, na hapo miguu ikakataa. Kama ungekuwa UKIMWI, angejua. Kuna watu mtaani wanameza dawa zao mwaka wa kumi huu na wanagombana na wenye nyumba kama watu wote. Sasa ni ugonjwa gani huo ulio mbaya kuliko UKIMWI, mpaka mume asiutaje na wifi aombe msamaha? Alikaa chini kwenye vumbi, ameshika chuma cha uzio, na wapita njia wawili wakamwinua, wakamtia kwenye bajaji. Alipoulizwa anakwenda wapi, alitaja duka la Matilda. Kwake hakutaka.

Ilikuwa humo dukani, katikati ya makatoni, simu yake ilipoita.

"Mama Mwanamkuu? Naitwa nesi Hyasinta, wa kliniki. Tulikutegemea jana kwenye dripu yako ya kwanza. Kuna tatizo gani?"

"Dripu ya nini?"

"Mama, mumeo hakukwambia?"

"Niambie wewe."

"Haya si ya kwenye simu. Njoo kesho asubuhi, nitakaa na wewe mimi mwenyewe."

"Nesi, leo siku ya tisa najiuliza. Leo nimepima UKIMWI, sina. Nimeanguka barabarani. Nakuomba. Niambie."

Hyasinta alivuta pumzi. "Umekaa?"

"Nimekaa."

"Una mtu karibu?"

Mwanamkuu alimtazama Matilda, ambaye alikuwa amewafukuza wateja na kuuegemea mlango kwa mgongo. "Ninaye."

"Una saratani ya titi. Titi la kushoto. Ni hatua ya pili, haijaenda kwingine. Inatibika, na tunataka kuanza wiki hii."

"Rudia."

Hyasinta akarudia, neno kwa neno.

"Saratani ya titi," Mwanamkuu alisema. Lilikuwa neno zito mdomoni. Akalisema tena kwa lile la mtaani. "Kansa. Nina kansa." Kisha akauliza, "Nitakufa?"

"Ukikaa nyumbani, itakuua. Ukija, wengi wa hatua yako wanapona. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo, mama. Lakini hilo silitungi."

Hofu haikuondoka. Ila siku zote hizo ilikuwa imetapakaa kila mahali, kwenye kikombe cha wifi, kwenye kamba ya nguo, kwenye kila "pumzika". Sasa ilikuwa mahali pamoja, upande wa kushoto, ukubwa wa korosho. Mwanamkuu akaweka kiganja juu yake. Akagundua ana njaa.

Matilda alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta. "Kula," alisema, akamsogezea Mwanamkuu ndoo yake mwenyewe ya vitumbua, iliyobaki hapo tangu asubuhi.

*

Gerezani, Mrisho alikuwa amejikunja juu ya gurudumu bovu, akisugua shokapu kwa mafuta ya taa, aliposikia sauti ya mkewe. Katika miaka yote Mwanamkuu alikuwa amekanyaga pale mara tatu tu.

"Baba Najma, kadi yangu iko wapi?"

"Kadi gani?"

"Usinifanye mtoto. Nesi kanipigia."

Mafundi wa vibanda vya jirani walipunguza nyundo. Mrisho alisimama, akatazama huku na huku. "Twende nyumbani tukaongee."

"Tutaongea hapa. Nina nini?"

"Mama Najma..."

"Taja."

"Siwezi." Mrisho aliiokota shokapu, akaiweka chini tena. "Nikilitaja, ndiyo basi. Mama alikuwa anatembea mwenyewe, Mwanamkuu. Anapika mwenyewe. Siku walipolitaja, hakushuka tena kitandani."

"Mama yako alipelekwa hospitali kidonda kimeshatoboka. Mimi nimewahi, daktari kakwambia nimewahi, na wewe ukanificha tarehe." Sauti yake ilipanda, akaiachia. "Unajua mtaa mzima unasema nina UKIMWI? Vitumbua vyangu vinarudishwa ndooni. Nimekwenda kupima leo. Nimekaa pale nahesabu wanawake wote wa Morogoro."

"Lahaula! Mimi?" Mrisho alikaa tena bila kukusudia. "Nani kasema UKIMWI?"

"Wewe. Ulimwambia dada yako nina ule ugonjwa. Mpigie."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie jina lake. Weka spika."

Ilimchukua muda kuipata namba, vidole vilikuwa na mafuta. Waridi akapokea. Mrisho alianza mara tatu. "Waridi, ule ugonjwa wa mama Najma... ule ugonjwa... ni kansa." Akafumba macho, kama anayesubiri kitu kimwangukie kutoka juu. "Kansa ya titi."

Kisha Waridi akasema, "Kansa tu?"

Hata fundi wa kibanda cha pili aligeuka.

"Alhamdulillahi... yaani, jamani, astaghfirullah, sikumaanisha hivyo, wifi uko hapo? Wifi, nisamehe!"

Kicheko kilimtoka Mwanamkuu bila ruhusa, kikali, kikamkunja tumbo mpaka akajishikilia kwenye meza ya spea. Alicheka mpaka kikageuka kilio, na Mrisho, ambaye hakujua ashike lipi, akamshika bega kwa mkono wenye mafuta na kulichafua gauni. "Nakusamehe," Mwanamkuu aliiambia simu alipopata pumzi. "Na uwatumie wote sauti nyingine. Utaje jina la ugonjwa. Na utaje kwamba unatibika."

Mrisho aliinua boksi la springi. Kadi ilikuwa na doa jeusi la grisi kwenye kona, lakini maandishi yalisomeka. Jioni, kabla ya kula, ndiye aliyemwita Najma, akamkalisha na kumwambia, akilitaja neno lile kwa taabu, kama mtu anayejifunza lugha mpya.

*

Alhamisi waliingia wote watatu. Daktari aliwaeleza upya, na safari hii Mwanamkuu ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mbele. Aliuliza maswali kumi na moja. Najma aliandika majibu kwenye daftari: nywele zitaanza kutoka wiki ya pili au ya tatu. Kichefuchefu. Vidonda vya mdomo, labda. Homa ikipanda, asisubiri asubuhi.

Baadaye Hyasinta akamwongoza kwenye kiti kirefu karibu na dirisha, akamfunga mpira mkononi, akaanza kuutafuta mshipa. Mfuko wa dawa ulikuwa unaning'inia juu, mwekundu kuliko Mwanamkuu alivyotarajia. Kwenye kiti cha jirani alikuwepo bibi mmoja aliyefunga kitambaa kichwani, amesinzia, mdomo wazi. Mwanamkuu alimtazama bibi huyo, akautazama mfuko, akatazama sindano ikitolewa kwenye karatasi yake.

"Naogopa," alisema.

Hakuwa amelisema tangu siku ya kwanza, kwa yeyote. Najma akaacha kuandika. Mrisho alifungua mdomo, na neno lililokuwa limeshafika ulimini lilikuwa lile lile la siku zote, hamna kitu. Akalimeza. Lilionekana likimpa taabu kushuka.

"Na mimi naogopa," alisema. "Naogopa sana, Mwanamkuu."

Mwanamkuu akageuza shingo kumtazama. Kwa mara ya kwanza tangu kliniki ilipowaita, uso wa mumewe na maneno yake vilikuwa vinasema kitu kimoja. Akampa mkono ule usio na mpira, akamwachia aubane anavyotaka.

"Haya nesi," alisema, akaunyoosha mkono wa pili juu ya mto. "Choma."